Mchoro Kwanza, Marumaru Baadaye

Mnunuzi wa nyumba pembezoni mwa Dar es Salaam hufika kwa dalali akiwa na majina mawili mdomoni. Goba au Madale. Kibada au Vijibweni. Tuangoma au Kongowe. Ni maeneo yanayopakana au kukaribiana, bei zake hazipishani sana, na mazungumzo huhamia haraka kwenye mambo yanayoonekana kwa macho: vyumba vingapi vina choo ndani, marumaru ni za aina gani, dari ni la jipsamu au la mbao, geti linafunguka kwa upande gani, na ni dakika ngapi hadi mjini siku isiyo na foleni. Naona mazungumzo hayo yanaanzia mwisho. Kati ya vitongoji viwili vya jirani, jambo linalostahili kuamua ni hili: wapi mchoro wa mipango miji ulitangulia watu, na wapi watu waliutangulia mchoro. Penye mchoro uliotangulia ndipo pa kununua, hata kama nyumba yenyewe ni ndogo, haijapakwa rangi, na iko kilomita kadhaa mbele zaidi.

Sababu yangu ya kwanza ni kwamba nyumba inarekebishika na mtaa haurekebishiki, angalau si kwa mkono wa mtu mmoja. Paa linaezuliwa na kuezekwa upya, chumba kinaongezwa, ukuta unabomolewa na kusogezwa. Lakini hakuna mwenye nyumba, hata awe na fedha kiasi gani, anayeweza peke yake kuipanua njia ya mita mbili ikawa ya mita kumi, kwa kuwa hizo mita nane zinazokosekana zimelaliwa na vibaraza, mashimo ya vyoo na kuta za majirani. Anayenunua nyumba nzuri kwenye mtaa mbovu amenunua kitu anachokiweza pamoja na kitu asichokiweza, na hicho cha pili ndicho atakachoishi nacho kila siku akitoka na akirudi.

Ni vizuri kukumbuka mitaa hii ilizaliwaje. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja waliongezeka ndani ya miaka kumi, na yaliyowapokea kwa wingi ni mashamba ya mikorosho, miembe na minazi ya pembezoni. Mashamba hayo yalikatwa kwa hatua za miguu: ishirini kwa ishirini, kumi na tano kwa ishirini. Mwenye shamba akiuza kipande cha kwanza huacha njia ya gari, maana mnunuzi wa kwanza anaidai. Akifika kipande cha tano, njia imekuwa ya pikipiki. Cha kumi kinauzwa na mrithi wake, au na mtu aliyenunua ili auze, na njia iliyobaki ni ya mtu na ndoo yake. Hakuna aliyekusudia ubaya hapo. Kila mmoja alipiga hesabu ya halali kwenye kipande chake, na jumla ya hesabu hizo ikawa mtaa usio na mahali pa shule, pa zahanati, pa soko, pa mtaro wala pa makaburi. Sehemu kubwa ya Kimara, ya Mbagala na ya Goba ilikua hivyo, na kwa makadirio ya miaka mingi, zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji hili wanaishi katika maeneo ya namna hiyo.

Gharama ya mtaa wa namna hii haiandikwi kwenye hati ya mauziano. Gari la kunyonya majitaka halifiki, kwa hiyo shimo likijaa wenyewe wanasubiri mvua kubwa na kutapisha vyoo usiku, na uchafu unaingia kwa jirani aliye chini. Jirani huyo ana kisima. Gari la taka linasimama barabara kuu, na taka hubebwa na mkokoteni kwa bei ya mkokoteni. Moto ukiwaka, gari la zimamoto linabaki kule kwenye lami. Bomba la maji hupitishwa penye upenyo, likikatiza viwanja vya watu, na kila anayejenga msingi mpya analipasua. Mgonjwa anabebwa mpaka mahali gari linapoishia. Mambo haya hayamtofautishi maskini na tajiri: kuna nyumba za ghorofa huko zenye thamani ya mamia ya mamilioni ya shilingi, na mbele yake hamna nafasi ya kupishana bajaji mbili.

Tuna bahati ya kuwa na jaribio kubwa la kulinganishia. Mwaka 2002 serikali ilianzisha Mradi wa Viwanja 20,000. Wizara ya ardhi ilitwaa mashamba ya pembezoni, ikalipa fidia, ikachora, ikapima, ikapasua barabara za udongo, kisha ikauza viwanja kwa bei iliyokusudiwa kurudisha gharama. Ndivyo zilivyopatikana Kibada, Kisota, Gezaulole na Mwongozo upande wa Kigamboni, Tuangoma kule Temeke, Buyuni na Mwanagati katika Ilala, na sehemu za Mbweni na Bunju kaskazini. Atakayetoka Kibada akaingia mitaa ya zamani ya Vijibweni na Tungi, iliyokua yenyewe kwa sehemu kubwa, ataona tofauti bila kuelezwa na mtaalamu. Kule barabara zinanyooka na bikoni ziko kwenye kona. Huku njia hufuata ukuta wa aliyewahi kujenga. Umri wa nyumba unaweza kulingana, kipato cha wenye nyumba kinaweza kulingana, hata mwashi anaweza kuwa mmoja. Kilichotofautiana ni kwamba kule kuna mtu aliyekaa na karatasi kabla ya tofali la kwanza.

Hapa lazima niseme juu ya maji ya mvua, maana ndiyo yanayotoa hukumu kali kuliko zote. Dar es Salaam ni jiji la mabonde. Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu; mito ya Mbezi na Tegeta inapita kaskazini, Kizinga na Mzinga upande wa kusini, na Mpiji ndio mpaka wetu na Bagamoyo. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao arobaini, na walionusurika mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande. Tangu hapo tumezoea kudhani kwamba hatari ni ya Jangwani na Mkwajuni pekee, mjini ndani. Lakini mito hiyo inaanzia huko huko pembezoni tunakonunua nyumba sasa, na kila paa jipya na kila ua uliosakafiwa juu ya kilima unaongeza maji yanayokimbilia chini badala ya kunywewa na ardhi. Wachimba mchanga nao wanakula kingo, kingo zinameguka, na nyumba iliyojengwa mbali na mto inajikuta ukingoni bila yenyewe kusogea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari. Mchoro mzuri unaliacha bonde wazi. Pasipo na mchoro, bonde huuzwa mwishoni kwa bei nafuu, kwa mtu asiyejua mji, wakati wa kiangazi. Kwa hiyo anayelinganisha vitongoji viwili aende vyote viwili masika, kati ya Machi na Mei, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Picha za dalali hupigwa Agosti.

Barabara nayo ina hukumu yake. Mwaka 2017 nyumba zaidi ya elfu moja zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kiluvya kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa eneo hilo ilitajwa kuwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Waliokuwa wakiishi humo hawakuwa wavamizi wa jana. Wengi walikuwa na umeme, walikuwa na maji ya bomba, walilipa kodi ya majengo, na walikuwa na karatasi zilizogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichowaokoa, na fidia hawakupewa. Katika mazungumzo ya kununua nyumba bado tunasikia kila siku kwamba "hapa umeme upo, serikali inapatambua." Nguzo ya umeme inaonyesha kwamba shirika la umeme limepata mteja. Haionyeshi kwamba ardhi ile si ya barabara, ya bonde, ya reli au ya mtu mwingine. Jambo hilo limo kwenye mchoro ulioidhinishwa na kwenye daftari la Msajili wa Hati.

Najua pingamizi la kwanza, na ni la fedha. Penye viwanja vilivyopimwa bei iko juu. Kwa fedha ile ile mtu anapata nyumba ya vyumba vinne upande wa pili wa barabara badala ya vyumba viwili upande huu. Nikubali kwamba kwa familia yenye watoto wengi tofauti hiyo si ndogo. Lakini hesabu ifanywe yote. Kwenye upande wa bei nafuu ziongezwe boza za maji, kifusi cha kujaza njia kila mwaka, ukuta wa kuzuia mmomonyoko, na nauli ya bodaboda ya kila siku kutoka mwisho wa barabara. Iongezwe pia milango ya benki iliyofungwa. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008 na mikopo hiyo ipo, lakini benki inataka hati miliki, na karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe haitoshi kuwa dhamana ya mkopo wa miaka kumi na tano. Siku mwenye nyumba akitaka kuuza, wanunuzi wake watakuwa wale tu wenye fedha taslimu mkononi, nao ni wachache na wanalijua hilo. Vyumba viwili kwenye mtaa uliopangwa vinaweza kuwa vinne baadaye. Njia ya mita mbili haiongezeki.

Pingamizi la pili ni umbali, na hili ndilo linalowashinda wengi. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kupanda daladala hahitaji kuambiwa thamani ya kilomita tano. Hata hivyo, tukiangalia yaliyotokea tangu 2016, umbali ndio uliobadilika haraka kuliko kila kitu kingine katika orodha ya mnunuzi. Aprili 2016 Daraja la Nyerere lilifunguliwa, na Kigamboni iliyokuwa ikitegemea kivuko ikapata njia fupi ya barabara, ingawa yenye tozo. Mei mwaka huo mabasi ya mwendokasi yakaanza kati ya Kimara na Kivukoni. Barabara za Goba, kwenda Mbezi Mwisho, Tangi Bovu na Madale, zimewekwa lami, na maeneo yaliyoitwa porini yakawa ya kugombaniwa. Treni ya umeme ilipoanza safari 2024, Pugu ikapata stesheni yake. Serikali inaweza kuleta lami, daraja na basi mahali pa mbali penye nafasi ya kupitishia. Mahali pa karibu pasipo na nafasi haiwezi kuvipitisha bila kubomoa. Anayechagua kwa kutazama dakika za leo anachagua kwa kipimo ambacho mwenyewe hakitawali na ambacho kitapinduka akiwa bado anaishi humo. Asiyeweza kabisa kusubiri, kwa sababu ya ugonjwa, kazi ya zamu au watoto wa shule, ni heri apange karibu na kazi na kununua mbali, kuliko kufunga akiba ya maisha yake mahali pabovu kwa sababu ya foleni.

Wapo watakaosema kwamba michoro yenyewe haiaminiki, na wana mifano. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni. Wananchi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri mji wa maghorofa, miaka ikapita, mpango ukapunguzwa, na mwishowe wakala uliopewa kazi hiyo ukavunjwa. Waliotii ndio walioumia. Hata katika Viwanja 20,000, watu walihamia wakakaa muda mrefu bila maji ya bomba wala umeme, na viwanja vingi vilishikwa na walanguzi vikaota majani. Kigamboni ilisubiri mpaka Novemba 2022 kuzinduliwa kwa mradi mkubwa wa visima, tena wakati jiji zima likiwa kwenye mgawo kwa sababu Mto Ruvu ulikuwa umepungua. Haya yote ni kweli na sitaki kuyapunguza. Ila yanatufundisha kutofautisha mpango uliotangazwa na kiwanja kilichopimwa. Mji Mpya ulikuwa ahadi na zuio. Kibada ilikuwa bikoni, namba ya kiwanja, namba ya kitalu na barua ya toleo yenye jina la mtu. Huduma zilichelewa Kibada, lakini zilipokuja zilikuta pa kupita. Mnunuzi asinunue kwa sababu waziri amesema mji utajengwa. Anunue penye alama zilizokwisha kuwekwa ardhini.

Kuna pia tumaini la urasimishaji. Inasemwa: nunua tu, serikali itakuja kupima na utapata hati. Urasimishaji ni jambo jema na aliyekwisha kujenga asiukimbie, maana hati inampa usalama na heshima mbele ya benki. Lakini tujue unafanya nini. Mpimaji anayekuja baada ya nyumba anachora mstari kuzunguka kilichopo. Anaweza kuwashawishi majirani waachie mita moja moja ili bajaji ipite. Hawezi kuwashawishi waachie ekari nne za shule. Bonde lililojengwa halirasimishwi likawa kilima. Na kazi yenyewe inahitaji majirani wote wachange na wakubaliane juu ya mipaka, jambo ambalo mitaa mingi imeanza kwa shangwe na kuliacha njiani fedha zikiwa zimeshalipwa. Anayenunua leo bado ana nafasi ya kuchagua. Kwa nini achague kuwa miongoni mwa wanaosubiri kurekebishwa?

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la haki. Mchoro umekuwa wa wenye nacho. Wenyeji waliokuwa na mashamba ya Kibada na Mbweni walilipwa fidia, wengi hawakumudu kununua kiwanja kwenye ardhi iliyokuwa yao, wakasogea mbele na kuanzisha mtaa mwingine usiopangwa. Kumshauri mtu mwenye mshahara mdogo anunue penye mchoro kunaweza kusikika kama kumwambia asinunue kabisa. Silikwepi hilo. Jibu lake naona liko kwenye ukubwa wa viwanja: tumepima vikubwa kwa wachache, wakati familia nyingi zingeishi vizuri kwenye mita za mraba mia tatu, au hata mia mbili, mradi mbele yake pana barabara na mtaro. Manispaa zikipima viwanja vidogo kabla ya watu kufika, mchoro hautakuwa anasa. Zikiendelea kupima vikubwa na kwa kuchelewa, maskini wataendelea kuuziwa mabonde, na siku ya mafuriko tutawalaumu kwa kukaa mabondeni.

Wakati tunasubiri hilo, mnunuzi ana mambo machache ya kufanya ambayo hayagharimu sana kulinganisha na bei ya nyumba. Aombe namba ya kiwanja na kitalu kabla ya kuomba kuonyeshwa jiko. Aende ofisi ya ardhi ya manispaa auone mchoro, aulize kipande kile kimetengwa kwa makazi au kwa shule, barabara inayopita mbele ina upana gani kwenye karatasi na upana gani ardhini. Afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Ahakikishe mwenza wa muuzaji ameridhia, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe kimyakimya na mmoja wao. Asidhani kwamba ile asilimia kumi inayodaiwa katika baadhi ya ofisi za mitaa inanunua uhalali wowote. Serikali yenyewe imeikataza mara kadhaa. Na hata ndani ya kitongoji kimoja chenye jina zuri asitulie, kwa sababu Mbweni au Bunju ina vitalu vilivyopimwa na vipande vilivyochomekwa pembeni mwake, na dalali huvitaja kwa jina moja.

Ofisi za ardhi nazo zitoke kwenye makabati. Mchoro wa kila mtaa ungebandikwa ukutani katika ofisi ya serikali ya mtaa, mkubwa wa kutosha kusomwa na mtu aliyesimama, ukionyesha hifadhi ya barabara, mita 60 za mto na eneo la shule. Ni karatasi moja na gundi. Mwenyekiti anayeshuhudia mauziano angelazimika kushuhudia mbele ya karatasi hiyo, muuzaji akiwa upande mmoja na mnunuzi upande wa pili, wote wakiuonyesha kwa kidole mstari wa kiwanja wanachouziana.